Kikombe, Kombe na Mgonjwa Anayesubiri

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, ambaye maradhi na uponyaji vyote viko mkononi mwake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote walioufuata uongofu wake hadi siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu ya Karatu na ya vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Ngorongoro yapo maradhi yanayotajwa kwa kunong'ona tu. Mtu akiugua malaria husema. Akivunjika mguu majirani humbeba. Akiwa na kisukari hujitangaza hata kwenye walima ili asipewe soda. Lakini mzee akiambiwa na daktari kwamba tezi dume yake ina saratani, hulificha jambo hilo hata kwa mkewe, naye huingia katika safari ya kusubiri akiwa peke yake. Safari hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumzia, kwa sababu ndani yake dini ya mtu huibiwa na afya yake huangamia, na baadhi ya wezi wenyewe tunasimama nao safu moja.

Kwanza tufahamu kusubiri huko kulivyo. Mgonjwa wetu huanzia katika hospitali za hapa wilayani. Hupimwa damu kwa kipimo kiitwacho PSA, na daktari hulazimika kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ikionekana shaka, huhitajika kuchukuliwa kinyama cha tezi kikachunguzwe, na wengi kwa ajili hiyo hupewa rufaa ya kwenda KCMC, Moshi, masafa ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Karatu. Na wapo wanaoambiwa waende mbali zaidi, Bugando kule Mwanza, au Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996. Mwenye kutoka Endulen au Nainokanoka ana safari nyingine ya vumbi na baridi ukingoni mwa kreta kabla hajafika lango la Loduare, mahali lami inapoanzia. Baina ya tarehe moja ya kliniki na nyingine hupita majuma, pengine miezi. Majibu yanangojwa. Nauli inatafutwa. Mtu wa kumsindikiza hapatikani kwa kuwa ni msimu wa kuvuna. Na muda wote huo mzee anaonekana shambani kwake Mang'ola akimwagilia vitunguu, au dukani kwake mjini, kama kwamba hana neno, hali chini ya kanzu yake amefungiwa mpira wa mkojo na mfuko wake.

Mtu huyu huamka mara nne au tano usiku. Hupunguza kunywa maji mchana ili asiaibike barazani, na kwa kufanya hivyo hujizidishia maumivu. Huhamia chumba cha wageni, na mkewe, ambaye hakuambiwa kitu, huanza kudhani kwamba bwana ana mpango wa mke wa pili. (Tumelisikia hili zaidi ya mara moja, na laiti wangeelezana, mama yule angekuwa muuguzi bora kuliko wote.) Kisha hutoweka msikitini. Huanza kwa kukosa Alfajiri, ikafuata Isha, mwisho hata Ijumaa. Watu husema mzee amekuwa mzito wa ibada siku hizi. Hakuna anayekwenda kumwuliza.

Tunauliza: kwa nini ametoweka? Ametoweka kwa sababu ameambiwa kwamba yeye ni najisi. Pengine hakuambiwa kwa ulimi. Ameambiwa kwa jicho la jirani yake katika safu, au kwa minong'ono ya vijana waliosikia harufu. Na hapa lawama iwafikie wanaokaa mbele kila siku na kufundisha nguzo za udhu tangu Muharram hadi Dhul-Hijja, wasiifikie hata siku moja hukumu ya mwenye kutokwa na mkojo bila ya hiari. Hukumu hiyo si ngeni wala si ya wanazuoni wa leo. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.), mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu isiyokatika, naye hakumwambia aiache swala kwa sababu ya damu ile ya maradhi. Kutokana na hapo mafaqihi wakamkisia mwenye mkojo usiozuilika. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, mtu huyo hujisafisha, hujifunga, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali faradhi yake bila kuchelewa, na kinachomtoka ndani ya swala hakimdhuru. Mahanbali wamempa pia ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Na mfuko uliofungwa usiodondosha kitu hauchafui msikiti. Imran bin Husayn (r.a.), sahaba mtukufu, alikuwa na bawasiri, akamwendea Mtume (s.a.w.) na kumwuliza ataswali vipi, akafundishwa kuswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Sahaba hakuona haya kuuliza juu ya maradhi ya sehemu ya siri. Sisi tumeipata wapi haya hii iliyo kubwa kuliko ya masahaba?

Haya hiyohiyo ndiyo inayowakimbiza wanaume kutoka katika kipimo. Tumewasikia watu wazima, tena wenye elimu ya dini kidogo, wakisema kwamba kupimwa kwa kidole ni haramu na ni udhalilishaji. Wanazuoni wanajua kwamba uchi wa mgonjwa hufunuliwa mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja ya tiba, isizidi hapo, na kwamba akipatikana tabibu mwanamume kwa mgonjwa mwanamume ndiyo bora. Mwenye kukataa kipimo hicho kwa jina la sharia hakuiuliza sharia. Aliuliza kiburi chake, nacho kikamjibu.

Sasa tufike kwa wezi.

Mgonjwa anayesubiri ni windo jepesi. Anaogopa, ana fedha kidogo alizoziweka kwa nauli, na hajamwambia mtu mwenye busara. Hapo ndipo hujiwa na rafiki mwenye habari ya mtu fulani mahali fulani. Nasi watu wa ukanda huu tuna ushahidi mkubwa zaidi ya wote katika jambo hili, kwani ulipita mlangoni kwetu. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, huko kwa Wasonjo ndani ya wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alidai kwamba Mungu amemwotesha dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, hakirudiwi, na hakifai mpaka kitoke mkononi mwake yeye. Kilisemwa kuwa kinatibu UKIMWI, kisukari, shinikizo la damu, pumu na saratani. Magari yalipita Karatu na Mto wa Mbu usiku na mchana. Wenye uwezo walikwenda kwa helikopta. Mawaziri walikunywa na picha zao zikachapishwa magazetini. Foleni ikafika kilomita nyingi porini, pasipo vyoo wala maji, na wapo waliofia humo kabla hawajakifikia kikombe, hata ikabidi mwezi Machi mwaka huo yeye mwenyewe aombe watu wapya wasije mpaka waliopo wapungue. Wapo waliotupa dawa zao za UKIMWI baada ya kunywa. Mchungaji huyo alifariki Julai 2021, na hesabu yake iko kwa Mola wake; hatumsemi yeye. Tunawasema Waislamu waliopanda magari yale.

Wapo watakaosema: ule ulikuwa mti tu, na mti ni dawa, na dawa haina dini. Jibu letu ni kwamba hatugombani na mti. Mti ule Wamasai wanaujua tangu zamani, na matunda yake watoto wa wachungaji huyala. Hata hospitalini dawa za miti zipo: dosetakseli, ambayo hutumiwa kwa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, asili yake ni majani ya mti wa Ulaya. Lakini majani yale yalipimwa, kiasi chake kikajulikana, madhara yake yakaandikwa, na anayeitoa dawa hiyo leo si lazima awe ameota ndoto. Samunge haikuwa hivyo. Kule ilitakiwa uamini kwamba Mungu amesema na mtu usingizini, akampa uponyaji wa maradhi yote, akaufunga uponyaji huo katika mkono wa mtu mmoja. Mkono mwingine ukichota maji yaleyale, hayaponyi. Mwislamu aliyekipokea kikombe hicho kwa itikadi hiyo, je, alikunywa mzizi au alikunywa ndoto? Na ndoto ya mtu baada ya Mtume wa mwisho (s.a.w.) imekuwa hoja tangu lini?

Mimbari zetu zililisema hili mwaka ule, na zilisema vyema. Lakini mbona zilikaa kimya juu ya kombe? Hapa tunajua kwamba tutawaudhi baadhi ya wasomaji, na tunaomba wavumilie mpaka mwisho.

Mzee wetu aliyeikwepa Samunge kwa kuwa ni ya Wakristo, hupelekwa na jamaa zake kwa mwalimu. Mwalimu huchukua sahani nyeupe, huandika kwa zafarani, huosha kwa maji ya waridi, na kumwambia anywe kwa siku saba. Siku saba zikipita huongezwa ishirini na moja. Kisha hutakiwa mbuzi, tena wa rangi moja. Kisha hirizi ya kufungwa kiunoni, nayo imefika kukaa jirani na mpira wa mkojo. Babu wa Samunge alitoza shilingi 500. Mwalimu wetu hamwachii mgonjwa hata nauli ya kurudi. Na la hatari kuliko fedha ni sharti analomwekea: asiguswe kwa sindano wala kisu mpaka dawa imalizike, la sivyo majini watakasirika. Tarehe ya kliniki inakuja, inapita. Kitanda alichokuwa ameandikiwa anapewa mwingine.

Tunajua watakavyojitetea. Watasema kwamba wapo wanazuoni wakubwa wa zamani waliolegeza juu ya kuandika aya na kumnywesha mgonjwa maji yake. Ndiyo, wapo, na hatuwafichi. Lakini wanazuoni hao hawakuchanganya aya na miraba ya tarakimu na majina yasiyojulikana ni ya nani. Hawakumwambia mgonjwa amwache tabibu. Hawakufungua duka. Watasema pia kwamba Abu Said al-Khudri (r.a.) na wenzake walimsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, wakapewa kondoo, na Mtume (s.a.w.) akaliridhia. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi twaipenda. Basi waisome yote! Wale walikuwa wasafiri walionyimwa ukarimu. Walisoma Al-Fatiha peke yake, sura ambayo mgonjwa mwenyewe anaihifadhi. Na mtu yule aliinuka pale pale, watu wakimtazama. Mwalimu wa siku ishirini na moja amemwinua nani? Mgonjwa ajisomee Al-Fatiha, Ikhlas, Falaq na Nas, asomewe na mkewe na wanawe, usiku na mchana, bure. Hiyo ni ruqya na ni Sunna. Ama kumwendea mwenye kudai kujua ya ghaibu, akatazamia na kusema ni nani aliyemroga mgonjwa, hilo Mtume (s.a.w.) amelionya kwa onyo la kukosa kukubaliwa swala kwa siku arubaini, na hirizi ameiweka katika mlango wa shirki.

Mtu atauliza: kama ni uongo, mbona wapo wanaotoa ushahidi kwamba wamepona? Jambo hili linataka maelezo, maana ushahidi huo ndio unaowapoteza wengi. Kwanza, si kila tezi iliyovimba ina saratani. Wanaume wengi wakizeeka tezi zao hutanuka kwa uvimbe usio saratani, mkojo ukaziba, wakawekwa mpira. Uvimbe ukipungua au uambukizi ukitibiwa kwa vidonge vya hospitali, mpira huondolewa, na sifa zote akapewa mwalimu. Pili, saratani ya tezi dume mara nyingi hukua polepole. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi na asihisi kitu. Upole wake huo ndio mtego. Mzee akinywa kombe leo na mwakani bado anatembea, husema nimepona, hali saratani inatambaa kuelekea mifupani. Mara nyingi huingia katika uti wa mgongo. Siku maumivu ya kiuno yanapomkaba na miguu ikafa ganzi, yule mwalimu amekwisha kuhamia Babati.

Wala tusidhani kwamba kila kusubiri ni kubaya. Yapo matukio ambapo madaktari wenyewe, wakiona saratani ni changa na ya polepole, huchagua kuiangalia bila kuikata, lakini humpima mgonjwa damu kila baada ya miezi kadhaa na kumwita mara moja hali inapobadilika. Huko ni kusubiri kwa macho wazi. Asilinganishe mtu kusubiri huko na kusubiri kwa mwenye kukaa nyumbani na hirizi akisema ametawakali. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui kama watafute dawa, akawaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi isipokuwa ameyawekea dawa, ila uzee. Nabii Ibrahim (a.s.) aliunasibisha uponyaji kwa Mola wake peke yake, na hiyo ndiyo itikadi yetu: daktari haponyi, sindano haiponyi. Lakini mkulima wa Mbulumbulu naye anajua kwamba ngano inaoteshwa na Allah, na hatumwoni akikaa barazani msimu wa mvua bila kupanda.

Lipo suala moja lililobaki, nalo ni zito, na hatujaliona likizungumzwa mahali popote katika misikiti yetu. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Tangu mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba homoni hiyo ikikatwa, saratani hunywea, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Homoni hukatwa kwa sindano za mara kwa mara, ambazo ni ghali, au kwa upasuaji mmoja wa kuondoa kokwa, ambao ni nafuu. Kwa mtu maskini, daktari mara nyingi humtajia huo wa pili. Hapo mzee wetu husimama, huchukua kofia yake, huondoka, na hatuonani naye tena hospitalini. Husema: Uislamu umekataza kuhasiwa, nami sitakutana na Mola wangu nikiwa nimehasiwa.

Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Uthman bin Madh'un (r.a.) kujitenga na wanawake, na masahaba walikatazwa kujihasi. Lakini wale walikuwa wazima waliotaka kuikimbia ndoa kwa ajili ya ibada. Huyu ni mgonjwa ambaye kiungo chake kinailisha saratani inayomuua. Mwenye kidonda kilichooza hukatwa mguu, na hakuna anayemwambia kwamba ameharibu umbo aliloumbwa nalo. Uhai ni miongoni mwa mambo ambayo sharia imekuja kuyalinda, na hukumu ya dharura inamhusu huyu kama inavyomhusu yule wa mguu. Yampasa aulize kwa daktari mwaminifu kama ipo njia nyingine anayoimudu. Ikiwa haipo, asife kwa fatwa aliyojitolea mwenyewe njiani baina ya Moshi na Makuyuni. Wala asiogope kwamba uanaume wake umezikwa pamoja na kokwa. Yeye ni mume, ni baba, ni walii wa binti zake katika ndoa, na ushahidi wake ni ushahidi.

Sasa tunazigeukia kamati za misikiti. Mnayo orodha ya wachangaji wa zulia. Mnayo orodha ya wachangaji wa futari. Je, mnayo orodha ya wagonjwa wenu? Nauli ya mtu wawili kwenda Moshi na kurudi haifiki nusu ya gharama ya hafla moja ya Maulidi, ambayo nayo tumekwisha kuisemea mara nyingi. Mgonjwa fukara ni mstahiki wa zaka kwa ufukara wake, bila kungojea Ramadhani, na kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake. Tunataka kila msikiti uwe na watu wawili, wanaume wazima wenye kutunza siri, ambao mzee anaweza kuwaendea bila kutangazwa. Kazi yao iwe kuzijua tarehe zake za kliniki kuliko anavyozijua mwenyewe, kumsindikiza, kumsomea karatasi za daktari na kukaa naye wakati wa majibu. Na wakimkuta mwalimu wa kombe ametangulia kufika nyumbani, wamtoe kwa upole mara ya kwanza.

Imamu naye asome hukumu za mwenye udhuru walau darsa moja kabla mwezi huu haujaisha, kwa lugha ya wazi, bila kucheka wala kuruhusu kicheko. Nafasi ya mwisho wa safu karibu na mlango iachwe kwa mwenye kuhitaji kutoka haraka, apate kutoka bila kuruka shingo za watu. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na mzee mwenye mpira hawezi kuchuchumaa. Msikiti ambao bado hauna choo cha kukaa na bomba jirani yake, ukijenge kwanza hicho, kisha ndipo uchangishe kipaza sauti kipya.